Podikasti 5 zinazonisaidia kuuza huku nafunga mizigo



Nianze na aibu yangu. Kuna kipindi nilipoteza hela miezi mitatu mfululizo bila kujua. Sikuibiwa wala sikukopwa. Nilikuwa nauza mchele vizuri tu kutoka hapa Lipangalala, Ifakara, kwenda kwa wateja wa Dar na Dodoma. Kila kiroba cha kilo 25 mteja alilipia usafiri 6,000: bodaboda hadi stendi 1,000, basi 5,000.

Siku moja nashona viroba huku nasikiliza mazungumzo ya uchumi kwenye simu. Wakawa wanaeleza jinsi bei ya mafuta inavyotembea mpaka kwenye kila kitu unachonunua. Nikaacha sindano, nikachukua daftari. Kumbe boda alishaongeza 500, basi nalo 1,000, na mimi nalipa tu kimya kimya. 1,500 mara viroba 30 kwa mwezi ni 45,000. Miezi mitatu ni 135,000. Faida yote imeishia barabarani!

Siku hizi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta, huwa ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, nauliza kwanza stendi ndio naweka bei yangu mtandaoni.

Ndio maana nasema podikasti sio za kupoteza muda. Mikono inafanya kazi, masikio yanasoma. Hizi ndizo ninazozipenda:

1. Gurudumu la Uchumi (RFI Kiswahili). Ni mazungumzo ya uchumi, hasa wa Afrika Mashariki na Kati. Usiogope neno uchumi. Kila wakitaja kodi, mafuta au mazao, jiulize: hii inanigusa wapi mimi?

2. Noa Bongo! Jenga Maisha Yako (DW Kiswahili). Hii ni michezo ya redio, ilianza mwaka 2008. Inagusa ajira, kompyuta na intaneti, afya, haki za wasichana. Unafuata kisa kama tamthilia, mwisho unajikuta umejifunza. Sehemu moja ni kama dakika 10, yaani viroba viwili vimeshafungwa.

3. SalamaNa. Salama Jabir, yule wa Mkasi, anakaa na wasanii, wanamichezo na wafanyabiashara wanasimulia walikotoka. Utacheka sana. Mimi nimejifunza kitu kingine pale: anauliza, halafu ananyamaza. Wengi wetu mteja akiuliza bei tunamwaga maneno kumi. Nilipoanza kumuuliza mteja "unataka wa pilau au wa kila siku?" kisha nikasubiri, mauzo yakawa rahisi.

4. Jifunze Kiswahili (Habari za UN). Ni kipengele kifupi, wataalamu wanafafanua maana ya maneno na methali. Unaweza kusema kinahusiana nini na biashara? Mtandaoni mteja hakuoni, anasoma maneno yako. Ukiandika "mchele mzuri" hujasema kitu. Ukiandika "mchele mpya, hauna chenga, hauna mawe", umeuza.

5. How I Built This. Ni ya Kiingereza, ilianza 2016, mtangazaji ni Guy Raz. Anahoji watu walioanzisha kampuni kubwa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo narudia rudia. Anza na ya Sara Blakely wa Spanx. Alikuwa anauza mashine za faksi mlango kwa mlango, akaanza na akiba ya dola 5,000. Wazo lenyewe lilitoka kwenye soksi ndefu alizozikata miguu ili avae suruali nyeupe ikae vizuri. Mlango kwa mlango anafukuzwa, na bado kesho anaamka. Sisi mteja asipojibu meseji moja tunasusa.

Sasa tusidanganyane. Kusikiliza peke yake hakuuzi. Mimi mwenyewe kuna wakati nilisikiliza kila siku, nikajiona mjanja, na daftari liko tupu. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu:

- Pakua kabla, ukiwa na bando la usiku au waifai ya mtu. Ukisikiliza moja kwa moja mchana, bando linakula faida.
- Kila podikasti, andika jambo moja tu. Sio matano.
- Lijaribu ndani ya wiki hiyo. Halijafanya kazi? Futa, songa mbele.
- Mteja akipiga, zima. Hakuna somo linalozidi oda.

Leo ukifunga mizigo chagua moja, kisha fanya nilichofanya mimi: fungua daftari, piga upya hesabu ya usafiri wako. Usije ukawa unamlipia mteja nauli ya mzigo kama mimi.

Tuonane stendi!