Usizime Simu kwa Kuogopa Dhoruba ya Jua

KILA baada ya muda, ujumbe wa aina moja huzunguka katika simu za wananchi. Husema kwamba usiku huo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale hatari itapita karibu na dunia, na kwamba kila mtu azime simu na kuiweka mbali na kitanda, la sivyo atadhurika mwilini. Aghalabu hutajwa jina la shirika fulani la ng'ambo ili ujumbe uaminike.

Katika vilima vya Nyamira, uvumi huu si wa kuchekwa tu. Mama anayeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku huko Magombo au Kiabonyoru humtegemea jirani mwenye gari, au mwendeshaji bodaboda aliyeacha simu yake wazi. Simu ikizimwa, safari ya hospitali hungoja alfajiri, na mama anayetokwa na damu hana nafasi ya kungoja.

Je, kuna chembe ya ukweli hapa? Ipo, ila imepotoshwa. Jua halitoi mwanga na joto pekee. Hupuliza pia chembechembe zenye umeme, ambazo wataalamu huziita upepo wa jua, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Mara nyingine jua hulipuka na kutema wingu kubwa la chembechembe hizo, ambalo likielekea huku huwasili baada ya siku moja hadi tatu. Likigonga uga sumaku wa dunia, yaani ile nguvu inayoelekeza sindano ya dira kaskazini, uga huo hutikisika. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku.

Dunia ni kama sumaku kubwa, na mistari ya nguvu yake hutoka upande wa kusini ikarudi ardhini upande wa kaskazini. Chembechembe haziwezi kuikata mistari hiyo kwa urahisi, huifuata. Kwa hivyo huteremkia karibu na ncha za dunia, zikagonga hewa ya juu, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, nayo ikang'aa kwa rangi ya kijani na nyekundu. Mianga hiyo huitwa aurora. Hapa kwetu karibu na Ikweta, mistari imeinama mno juu ya vichwa vyetu, mithili ya paa. Mtu wa Nyamira ana kinga bora kuliko mtu wa Norway, ambaye huitazama aurora kisha akaenda zake kulala.

Dhoruba ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa kali kuliko zote tangu 2003, na aurora ilionekana hadi Mexico. Hata hivyo, dhoruba kubwa kama hiyo hubadilisha uga sumaku wa huku kwa takriban asilimia moja au mbili tu. Mgonjwa anayepigwa picha kwa mashine ya MRI hulala ndani ya sumaku inayozidi ile ya dunia zaidi ya mara 40,000, na damu yake haivutwi kokote. Chuma kilicho katika damu si msumari.

Wako watafiti, hasa wa nchi za kaskazini, waliolinganisha siku za dhoruba na idadi ya wagonjwa wa moyo. Matokeo yao hayapatani, wala si sababu ya mtu kuacha au kuongeza dawa ya presha.

Kinachodhurika ni mitambo. Tarehe 13 Machi 1989, watu milioni 6 katika jimbo la Quebec, Kanada, walikaa gizani kwa saa tisa hivi. Kwetu, dhoruba huweza kuvuruga redio za masafa mafupi na vifaa vinavyoonyesha mahali kwa setilaiti.

Jua linalomdhuru mkazi wa Nyamira ni la saa sita mchana. Uga sumaku hauzuii mwanga, wala miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda mlima, na mawingu mepesi huipitisha. Mchumaji wa majani chai asiye na kofia huipokea mwaka mzima, na macho yake huweza kupata mtoto wa jicho.

Walio hatarini zaidi ni watu wenye ualbino, kwa kuwa saratani ya ngozi huwapata mapema. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na miwani ya jua huwafaa. Mafuta ya kujikinga na jua, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia, hupakwa tena kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje. Kidonda cha mdomoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa wiki kadhaa kionyeshwe daktari.