Epulu: miguu ya bei kali chini ya bafle inasaidia kweli?

EPULU, eneo la Mambasa – Huko Ulaya na Marekani, wapenzi wa muziki wa nyumbani wanabishana tangu miaka mingi juu ya kitu kidogo: miguu inayowekwa chini ya mashine za muziki ili zisitetemeke. Kuna ya dola mamia, na kuna inayopita dola 1000. Wauzaji wanasema bei ikipanda, na sauti inasafika.

Ubishi wa aina hiyo si mgeni Epulu. Katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull aliishi hapa na Bambuti na kurekodi nyimbo zao. Katika kitabu chake The Forest People, kilichotoka 1961, anaeleza alivyoshangaa kuona molimo, baragumu la sherehe za usiku. Alitegemea kuona mti uliochongwa vizuri. Akakuta bomba la chuma kutoka kwa wajenzi wa barabara, urefu karibu mita 4 na nusu. Wenyewe hawakuona shida: sauti yake ni nzuri, tena chuma hakiozi kama mti.

Kwa mashine za nyumbani, yote yanategemea muziki unasomwa na nini. Santuri inasomwa na sindano, na sindano haichagui. Inapokea mikwaruzo midogo kuliko unywele, lakini pia kishindo cha wanaocheza na mtetemeko wa bafle yenyewe. Mtetemeko huo unarudi ndani ya ampli, unakuzwa, unatoka tena, mpaka bafle inaunguruma. Hapo kuzuia mtetemeko ni kazi ya kweli. (Wimbo mmoja wa wasichana wa Ituri, uliorekodiwa na Turnbull, uko kwenye santuri iliyorushwa angani na Voyager mwaka 1977. Sindano ilifungwa pamoja nayo. Huko hakuna meza ya kutikisika.)

Lakini wengi siku hizi wanasikiliza kwa simu, flashi au redio, kwa batiri ya paneli ya jua. Flashi haina sindano. Iweke juu ya jiwe au juu ya mguu wa dola 1000, itasoma kilekile.

Kinachobaki ni bafle. Ikiwa juu ya meza nyepesi, besi inatikisa mbao na meza nayo inaanza "kuimba". Dawa yake ni sponji nene, au kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, au kuishusha kwenye matofali. Zaidi ya hapo, faida inakuwa ndogo sana. Sauti ikiendelea kukwaruza, chunguza kwanza batiri iliyochoka, karatasi ya bafle iliyopasuka, na mkono uliofungua volume mpaka mwisho.

Mwenye shaka afanye jaribio. Ageuke ukutani, mwenzake abadilishe miguu mara 10 bila kusema, volume ikiwa ileile, kwa sababu sauti iliyopanda kidogo hudanganya sikio. Kisha ataje kila mara ilikuwa miguu gani.