Gari la Kukodisha: Likiharibika, Hasara ni ya Nani?

 

Ndugu msomaji, biashara ya mtu kukodisha gari lake mwenyewe si ngeni hapa Morogoro. Mtu ana Noah au IST, hulitumia siku mbili katika wiki, na siku zilizobaki humpa jirani anayekwenda kuposa Mgeta, au mgeni aliyeshuka Kihonda kwenye treni ya SGR, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024. Huko Marekani jambo hilihili limekuwa kampuni kubwa: Turo, iliyoanza Boston mwaka 2010 kwa jina la RelayRides, huwakutanisha wenye magari na wenye haja nayo, kisha huchukua fungu lake. Kwetu kazi hiyo anaifanya dalali mwenye simu. Suala la dalali halina taabu kubwa, maadamu ujira wake umejulikana na hakuna aliyefichwa. Taabu huanza siku gari linapoharibika.

Baada ya sala ya Isha walinijia watu wawili. Mmoja ni mzee mstaafu aliyenunua Noah kwa kiinua mgongo chake. Wa pili ni kijana aliyelikodi kwa siku tatu kupeleka jamaa msibani Matombo. Siku ya pili asubuhi, gari likiwa Mkuyuni, gea boksi ilikufa. Mzee alitaka kodi ya siku zote tatu na gharama ya gea boksi. Alikuwa na karatasi iliyotiwa saini, imeandikwa kwamba mkodi atawajibika kwa uharibifu wowote. Kijana hakubisha, alikuja kuniuliza tu kama inafaa auze kiwanja chake alipe. Fundi aliyelifungua gari alisema gea boksi ilikuwa imechoka siku nyingi.

Tuanze na asili. Ijara ni kuuza manufaa, siyo kuuza kitu chenyewe. Uhalali wake umo katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan katika Suratul Qasas, na katika Hijra, pale Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipomkodi mtu wa Banu Dil awaongoze njia, wakamkabidhi ngamia wao ilhali hakuwa Muislamu. Aliyekodi amenunua manufaa ya muda, na shingo ya kitu imebaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj ambayo wengi wetu tumeisoma magotini mwa masheikh wetu, ameuhesabu mkono wa mkodi kuwa ni mkono wa amana. Mwenye amana halipi kilichoharibika ila kwa kuvuka mipaka au kwa uzembe.

Mafakihi walizungumzia wanyama wa kupanda, na mifano yao inaingia katika magari bila kulazimishwa. Mnyama aliyekodiwa kwa ainisho akifa njiani, ijara huvunjika kwa muda uliobaki, na mkodi hulipa sehemu aliyoitumia tu. Akimpiga kuliko desturi, au akimbebesha zaidi ya makubaliano, analipa. Akipita mahali walipoagana, analipa ujira wa ziada, na dhamana ya mnyama inamhamia. Basi aliyekodi gari aende Dodoma kwa lami, kisha akalipandisha Nyandira, huyo amevuka mipaka. Aliyeona taa ya oili inawaka akaendelea kukanyaga mafuta, huyo ni mzembe. Kijana wetu alikodi kwenda Matombo, na akapita njia ya Matombo.

Na ile karatasi je? Wanazuoni wengi wanasema sharti la kumbebesha mkodi dhamana pasipo kosa lake ni batili, kwa kuwa linapingana na maana ya akidi yenyewe. Ni uadilifu kutaja kwamba Ibn Qudama katika al-Mughni amenakili kauli kutoka kwa Imam Ahmad yenye kuonyesha kuwa sharti hilo hufuatwa. Lakini sisi tunahukumu kwa lile la wengi, ndilo la madhehebu yetu. Nikamwambia kijana alipe siku moja na ile sehemu ya asubuhi, na gea boksi ni ya mzee.

Mzee akaniuliza, "Sheikh, kwa hukumu hiyo nani atakodisha gari lake?" Swali lake ni la haki, na lisijibiwe kwa kumwambia asubiri tu. Kodi anayoichukua imehalalika kwake kwa sababu hatari ya gari iko juu yake. Akiitupa hatari kwa mwenzake na kodi akaishika, anakula pande zote mbili. Njia anayo. Apange kodi huku akijua kuwa gea boksi itakufa siku moja. Akague gari pamoja na mkodi kabla ya kukabidhi, waandike mikwaruzo, njia na idadi ya abiria. Au akodishe gari pamoja na dereva wake mwenyewe, kwani hapo gari halikutoka mkononi mwake. Na aangalie namba: ya manjano ni ya gari binafsi, nyeupe ni ya biashara. Anayekodisha kwa bima ya matumizi binafsi huenda akakataliwa malipo siku ya ajali, na abiria waliovunjika wakakosa haki yao.

Hukumu hii ndiyo inayotia ila baadhi ya mikataba ya bajaji na bodaboda, ambapo dereva huleta hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika azimio namba 110 lililopitishwa Riyadh Septemba 2000, lilikataza ijara inayogeuka kuwa mauzo yenyewe bila akidi mpya, na likaweka dhamana ya chombo, pamoja na bima kama ipo, juu ya mwenye mali muda wote wa ijara. Basi ahadi ya kumpa dereva chombo iandikwe peke yake. Ama kumdai hesabu ya siku ambazo chombo kimelala gereji bila kosa lake, ni kumdai ujira wa manufaa ambayo hakuyapata.

Mzee aliondoka hajaridhika. Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi mpya, akaniomba niisome. Lile sharti alikuwa amelifuta, na kodi ya siku ameipandisha. Nikamwambia hilo ni haki yake.