Chupa ipi inamfaa mtoto? Kikombe ni salama zaidi



Siku moja wakati wa palizi, bibi mmoja alifika zahanati kwetu asubuhi na mapema. Alikuwa amembeba mjukuu wake wa miezi 4. Mtoto alikuwa akiharisha tangu jana yake. Macho yalikuwa yameingia ndani. Mdomo ulikuwa mkavu.

Tulimpa maji ya dawa ya kuhara kwa kijiko, kidogo kidogo. Mama yake aliitwa kutoka shambani, naye akamnyonyesha. Mtoto alipoanza kupata nafuu, nilimwuliza bibi: "Mama akiwa shambani, mtoto anakula nini?"

Akanijibu: "Mjukuu wangu, anakunywa maziwa ya chupa. Chupa yenyewe ni mpya. Tumeinunua kwa fedha nyingi."

Niliomba kuiona. Nikavua chuchu ya mpira na kuigeuza ndani nje. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilitujia puani. Bibi aliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Bibi, usijilaumu. Chupa ni ngumu kuisafisha."

Wazazi wengi huuliza: Chupa ipi ni salama, ya kioo au ya plastiki? Mimi hujibu: Kikombe.

Kwa nini kikombe?

Shingo ya chupa ni nyembamba. Mkono hauingii. Chuchu ya mpira ina tundu dogo na mikunjo. Maziwa hubaki humo, na vijidudu huzaliana upesi. Mtoto akinyonya, anavimeza. Lakini kikombe kiko wazi. Uchafu ukiwamo utauona, na utausugua utoke.

Kumbuka pia: mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Hata maji hahitaji. Mama anayekwenda shambani anaweza kukamua maziwa yake na kuyaacha nyumbani.

Fanya hivi:

1. Chagua kikombe kidogo, chenye ukingo laini. Kisiwe na ufa wala kisiwe kimebanduka rangi.

2. Kioshe kwa sabuni na maji safi ya moto. Nawa mikono kwa sabuni.

3. Kamua maziwa katika chombo safi chenye mfuniko. Kiweke mahali penye baridi, pasipo jua. Maziwa yatumike kabla ya saa 4 kupita.

4. Mpakate mtoto akiwa ameketi, si amelala. Gusisha kikombe kwenye mdomo wake wa chini. Kiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo. Usimmiminie. Atakunywa mwenyewe. Akipumzika, nawe ngoja.

5. Maziwa yaliyobaki kikombeni usimwekee tena baadaye.

Kama chupa unayo tayari, na huna budi kuitumia, iwe yenye mdomo mpana na inayoonyesha ndani. Kila baada ya kutumia, isugue kwa brashi na sabuni. Kisha ichemshe pamoja na chuchu kwa dakika 10, zote zikiwa zimezama majini. Jiulize: Je, kuni na nafasi ya kufanya hivyo kila mara unazo?

Jambo hili si la kijiji chetu peke yake. Mwaka 1977 nchi ya Papua New Guinea ilitunga sheria kwamba chupa na chuchu za watoto zisiuzwe bila idhini ya mfanyakazi wa afya. Mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu kwa wananchi. Tanzania nayo iliweka kanuni zake mwaka 1994.

Kama mama amefariki, au ni mgonjwa, au maziwa hayatoki, usikimbilie dukani. Mpeleke mtoto zahanati upate ushauri. Na mtoto akiharisha, usingoje kesho. Mlete siku hiyo hiyo, huku akiendelea kunyonya.

Yule mtoto alipona. Wiki mbili baadaye nilipita nyumbani kwao. Bibi alikuwa amempakata kivulini, akimnywesha maziwa ya mama yake kwa kikombe kidogo. Akacheka, akasema: "Tazama mjukuu wangu, hata miye mzee nimejifunza!"

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini chupa ni ngumu kuisafisha kuliko kikombe?

2. Hapa kijijini, mama akienda shambani, nani humlisha mtoto? Je, naye amefundishwa?