Mtoto Hana Saa, Ana Mfuatano

Saa 12:30 asubuhi, Januari, mtaa wa Lizaboni, Songea. Mvua imenyesha usiku kucha, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro na njia yote ni tope jekundu. Mama amesimama mlangoni na jembe begani, maana mahindi yanangoja palizi na mbolea ya kukuzia. Ndani, mtoto wa miaka 5 amekaa mkekani ameshika soksi moja. "Haya amka unawe, uvae, uje unywe uji, chukua begi lako, kamwite dada, fanya haraka tumechelewa!" Mtoto anamtazama tu. Mama anapaza sauti, mtoto anaangua kilio, na wote wawili wanatoka nyumbani wamevurugika.

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka mingi, na kila Januari wazazi hunisimulia asubuhi ya namna hii. Karibu kila mara simulizi huishia kwenye neno moja: mkaidi. Neno hilo linaniumiza, kwa sababu mtoto huyu hajakataa kitu. Hajui aanzie wapi.

Tuhesabu alichoambiwa. Kuamka, kunawa, kuvaa, kunywa uji, kuchukua begi, kumwita dada: mambo sita kwa pumzi moja. Mtoto wa umri huo huweza kushika kichwani maagizo mawili, matatu kwa taabu, huku mwili wake ukitekeleza. Sehemu ya ubongo inayopanga kipi kianze na kipi kifuate, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko nyingine zote. Huendelea kukua hadi mtu anapovuka miaka 20. Mama aliyelima miaka kumi na mitano anaiona asubuhi yake yote kama njia aliyokwisha kuipita. Mtoto yuko ndani ya kichaka.

Halafu kuna hilo la kuchelewa. Kuchelewa nini? Mtoto mdogo hana saa. Msikilize anavyosema "jana" akimaanisha wiki iliyopita, au "nilienda kwa bibi kesho". Mwaka 1946 Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi wazo la wakati linavyoota kwa watoto. Aliwaonyesha vitu viwili vilivyoanza kwenda pamoja na kusimama pamoja, kimoja kikiwa na mwendo wa kasi zaidi. Wadogo walisema kile kilichofika mbali ndicho kilichotumia muda mrefu. Kwao muda ni kitu kinachoonekana: umbali, kazi iliyofanyika, sahani iliyokwisha. Ukimwambia "bado dakika tano" umempa sauti tupu.

Lakini mtoto huyohuyo anajua mfuatano, tena vizuri kuliko sisi. Ruka kipande cha hadithi aliyoizoea uone atakavyokusahihisha. Basi tumpe asubuhi kwa namna ya hadithi: "Ukimaliza uji, tunavaa viatu. Tukishavaa viatu, tunamwita dada." Agizo moja, likiisha, lingine. Usiku, kabla ya kulala, mwambie hadithi ya kesho kwa mpangilio uleule. Panga nguo zake juu ya kigoda kwa zamu ya kuvaliwa, chupi ikiwa juu kabisa, kisha shati, kisha kaptula au sketi, sweta chini. Akiinuka, rundo lenyewe linamwelekeza. Na alale mapema. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Anayeamshwa saa 12 asubuhi na mchana halali, saa 2 usiku awe tayari ameshapitiwa na usingizi. Katika nyumba yenye redio na wageni hilo ni gumu, nalijua. Lakini kilio kingi cha asubuhi huwa ni usingizi uliokatizwa.

Wazazi wengi wanaponiuliza kama mtoto yuko tayari kwa shule, wanauliza kama anajua a, e, i, o, u. Wapo wanaomkalisha mtoto wa miaka 4 na daftari jioni nzima na fimbo pembeni. Mimi nasema herufi tuachieni walimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 bado unataka mtoto wa darasa hilo ajifunze kwa kucheza, kuimba na kushika vitu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika. Mwalimu mmoja mwenye umati wa watoto anaweza kuwaimbisha irabu wote kwa pamoja. Hawezi kumfungua kila mmoja zipu.

Na zipu si jambo dogo. Nimeona watoto wenye akili nyingi wakiharibikiwa wiki yao ya kwanza kwa sababu ya choo. Nyumbani mtoto husindikizwa, au hujisaidia nyuma ya nyumba. Shuleni anakuta tundu pana lenye giza, mlango mzito, foleni ya wakubwa, na kaptula yenye kifungo kigumu. Anajibana mpaka mambo yanamshinda, wenzake wanamcheka, kesho yake anasema tumbo linauma. Tunawafundisha kwa bidii kusema "shikamoo mwalimu", na ni vizuri. Tuwafundishe na "mwalimu, naomba kwenda chooni", waiseme kwa sauti, mbele ya mtu wasiyemzoea. Mnunulie kaptula ya mpira kiunoni. Kama shule iko jirani, mpeleke wakati wa likizo akakione hicho choo.

Kuhusu vifungo, kuna njia ambayo wataalamu wa tiba kwa vitendo huitumia hata kwa watoto wenye ulemavu: anza mwishoni. Mfunge vifungo vyote, umwachie cha mwisho tu. Atakifunga, na kazi itakuwa imekamilishwa na yeye. Baada ya siku kadhaa mwachie viwili vya mwisho. Hivyo hivyo kwa viatu: vaa wewe, yeye avute kisigino. Ukianzia mwanzoni, mtoto hufanya sehemu ngumu kisha mkubwa anamnyang'anya ushindi.

Mikono ya watoto wetu, kwa kweli, huja shuleni ikijua mengi ambayo hatuyahesabu. Mwaka 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda, maana wao hutengeneza magari ya waya tangu wadogo. Kwa udongo walikuwa sawa. Mtoto wa Songea anayetengeneza gari kwa mabua ya mahindi amekwisha kupima, kulinganisha na kuunga pembe. Penseli tu ndiyo mgeni kwake. Kwa hiyo mwezi Julai, ukoo unapokaa kupukuchua mahindi, usimfukuze. Kidole gumba na cha shahada vinavyong'oa punje ndivyo vitakavyoshika penseli. Kuchambua maharage kwenye ungo, mabovu huku na mazima kule, ni somo la kutenganisha vitu kwa sifa zake. Mwambie alete vikombe vya watu watano, uone kama atahesabu.

Lakini asifanye hayo kwa njaa. Mkoa wetu hujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) mahindi ya kulisha mikoa mingine, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka 5 wamedumaa, juu ya wastani wa nchi nzima. Ugali tunao. Kinachokosekana kwenye sahani ya mdogo ni maharage, dagaa, yai, karanga na mboga.

Kuna pia watoto wanaohamia kwa bibi, Namtumbo au Mbinga, wazazi wakiwa mashambani, wakarudi mjini wakizungumza Kindendeule au Kimatengo. Msiwakataze. Anayesimulia vizuri kwa lugha ya bibi ana kitu cha kubeba kwenda kwenye Kiswahili. Kinachohitajika ni mkubwa wa kumvusha.

Mfuatano huo wa asubuhi unafaa hata kwa shughuli za familia, ambako tunawabeba watoto kama mizigo. Misa ya Pasaka katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Matthias Mulumba Kalemba ni ndefu hata kwa mtu mzima. Mtoto akielezwa kabla kwamba watu wataimba, watakaa, watapiga magoti, watapanga foleni, kisha nje tutanunua karanga, anakuwa na njia ya kufuata. Mpe na kazi: kushika sadaka, kumwangalizia bibi fimbo yake.

Pagumu zaidi ni msibani. Babu amefariki, nyumba imejaa turubai, masufuria na vilio, na mtoto anaambiwa "babu amesafiri". Tunasema hivyo kwa huruma. Miezi inapita, mama anaaga kwamba anasafiri kwenda Njombe siku mbili, na mtoto anamng'ang'ania kitenge kwa hofu ambayo hakuna anayeielewa. Amefuata mfuatano tuliompa: mtu husafiri, watu hulia, harudi. Maneno ya kweli yanaweza kuwa mepesi: "Babu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala maumivu. Leo watu watakuja wengi, watalia kwa sababu walimpenda. Mchana tutamzika. Wewe utakaa na shangazi." Atauliza tena kesho na keshokutwa, swali lilelile. Mjibu vilevile.

Turudi shuleni, pale getini. Siku ya kwanza wazazi wengi humsubiri mtoto ageukie wenzake, kisha wanatoroka. Wanadhani wamemwepusha na kilio. Mtoto anapogeuka na kukuta hapana mtu, anajifunza kwamba ukiacha kumtazama mama, mama hutoweka. Kesho yake hataondoa macho kabisa. Muage, alie akilia, na umwachie mfuatano: "Mtaimba, mtacheza, mtakunywa uji, mkishakunywa uji bibi atakuja." Kisha bibi awe pale kwa wakati. Kuna bibi mmoja niliyemwona mwaka mmoja wa mvua nyingi. Kila siku vikombe vya uji vikianza kukusanywa alikuwa tayari chini ya mwembe, kajifunika mfuko wa mbolea kichwani. Wiki ya pili mjukuu wake aliacha kuchungulia dirishani.