Biashara ya burudani Simiyu: Fikra za marehemu zina bei gani sokoni?

PAMBA ikishapimwa na mkulima akilipwa, bidhaa inayotafutwa Bariadi na vijiji vyake si bati na baiskeli peke yake. Ni ngoma pia. Kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, viwanja vya Usukumani hujaa watu wanaotazama vikundi vikishindana, na fedha iliyotoka kwenye mizani ya AMCOS huhamia kwa wauza soda, mama lishe, waendesha bodaboda na wenye vipaza sauti. Kwa mkoa unaotegemea pamba na mifugo, hiyo ni sekta kamili ya burudani, ingawa wengi walio ndani yake hawajioni kuwa wana kampuni.

Msomaji anaweza kuuliza ukurasa wa masoko una shughuli gani na ngoma. Shughuli ipo, kwa sababu ndani ya ngoma hizi limo swali linalozisumbua kampuni kubwa za burudani hapa nchini na nje. Mwanzilishi akishafariki, je, waliobaki waendeshe mambo kwa fikra zake au wafuate soko la leo linavyotaka?

Vikundi vingi vya Usukumani hujitambulisha kuwa ama vya Bagika ama vya Bagalu. Majina hayo yanatokana na watu wawili, Ngika na Gumha, ambao mapokeo yanawataja kuwa wachezaji na waganga mahodari walioshindana katika karne ya 19. Kila mmoja alijigamba kwamba dawa yake ya kuvuta watu ni kali kuliko ya mwenzake. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Hapakuwa na hisa, wosia wala bodi ya wakurugenzi, lakini majina hayo yamedumu kwa zaidi ya miaka 100, umri ambao kampuni nyingi zenye vitabu safi vya hesabu hazijaufikia.

Waasisi hao waliacha mambo mawili. La kwanza ni dawa, ambayo mwenye kuiamini anaiamini na asiyeiamini anacheka pembeni, huku naye akiwa amesimama pale pale uwanjani. La pili ni kanuni ya ushindani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachokusanya watu wengi zaidi ndicho mshindi. Mtazamaji aliyechoka huvuka kwenda upande wa pili, na kuvuka kwake ndiyo hukumu.

Kwa macho ya mfanyabiashara, urithi wenye thamani ni huo wa pili. Kanuni hiyo haisemi kikundi kicheze nini. Inasema tu kwamba mteja asipovutiwa ataondoka mbele ya macho yako, na mshindani wako atampokea hapo hapo. Ndiyo maana vikundi vimekuwa vikiongeza nyoka, vinyago, sarakasi na vichekesho, na ngoma ya majembe, bugobogobo, iliyotokana na watu waliolima kwa pamoja wakipigiwa ngoma shambani, ikahamia uwanjani bila mtu kulalamika kwamba waasisi wamesalitiwa. Hata marehemu Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora huko Kisesa, karibu na Mwanza, aliikubali. Ngoma za kushindana zikaingia katika sherehe ya Bulabo, ambayo asili yake ni sikukuu ya Kanisa. Lengo lilikuwa jingine kabisa, lakini kanuni ya uwanja ilibaki.

Sasa tutazame waliokuwa na kampuni za kusajiliwa. Marehemu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, wakati ambapo Bariadi nayo ilikuwa ndani ya mkoa huo. Alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na umri wa miaka 28, mwaka ule ule ambao Simiyu ilifanywa mkoa. Fikra yake ilieleweka vizuri: filamu ya Kitanzania itoke nje ya mipaka, na ndiyo sababu alishirikiana na waigizaji wa Nigeria. Tatizo ni kwamba katika kampuni yake, Kanumba The Great Film, mwenye fikra, meneja na bidhaa walikuwa mtu mmoja. Mteja alikuwa ananunua sura yake. Warithi katika hali kama hiyo hurithi jina na kazi zilizokwisha kutengenezwa. Bidhaa mpya hawana, hata wawe waaminifu kiasi gani kwa marehemu.

Marehemu Ruge Mutahaba, aliyeijenga Clouds Media Group pamoja na Bw. Joseph Kusaga na kufariki Februari 26, 2019, huko Afrika Kusini, ni sura nyingine. Yeye hakuwa msanii jukwaani. Alijenga mahali pa kuzalisha wasanii, THT, walikopitia akina Barnaba, Linah na Mwasiti, pamoja na tamasha la Fiesta lililozunguka mikoani. Hapa fikra ya mwanzilishi ilikuwa imeshageuzwa kuwa utaratibu wa kazi: kutafuta kipaji, kukifundisha, kukipa redio, kukipeleka kwenye jukwaa. Utaratibu unaweza kuendeshwa na mtu mwingine. Lakini unagharimu fedha kabla haujaingiza chochote, na mkurugenzi yeyote anayebanwa na hesabu za robo mwaka atashawishika kununua msanii aliyekwisha kuiva badala ya kumlea mchanga.

Marekani wamelipia somo hili kwa bei ya juu zaidi. Walt Disney alifariki Desemba 15, 1966, na kwa miaka mingi wakubwa wa kampuni yake walikuwa wakijiuliza Walt angefanya nini. Wakasahau kwamba Walt mwenyewe hakuwa mtu wa kurudia jambo. EPCOT, ambayo yeye aliifikiria kuwa mji wa watu kuishi, ilifunguliwa mwaka 1982 ikiwa bustani ya maonyesho. Mwaka 1984 mwekezaji Saul Steinberg alitaka kuiteka kampuni, nayo ikatumia zaidi ya dola milioni 300 kununua tena hisa zake ili aondoke. Miezi michache baadaye mkwe wa Walt, Ron Miller, aliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Michael Eisner. Kinachochekesha ni kwamba Miller ndiye aliyekuwa ameanza kuvunja mazoea, kwa kuanzisha jina la Touchstone kwa ajili ya filamu za watu wazima kidogo, na filamu ya kwanza chini ya jina hilo ilipata faida nzuri mwaka huo huo.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu ni kwamba fikra ya marehemu ifuatwe pale tu inapoweza kupimwa na mteja bila kumuuliza marehemu. Kanuni ya Ngika na Gumha hupimwa kila jioni ya mashindano. Swali la Walt angefanya nini halipimiki, kila mkubwa hulijibu kwa faida yake.

Hata hivyo, kanuni hiyo ya uwanja nayo iko hatarini, na hatari haitoki kwa wanaoikataa. Inatoka kwa anayekodi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kikundi cha watu 30 kikikodiwa kwenye harusi au mkutano wa siasa kwa shilingi 600,000, kila mmoja anapata 20,000, watu wajae wasijae. Mshindani hayupo upande wa pili. Mwenye shughuli akiridhika, malipo yametoka. Hii si dhambi, na ina faida ya kweli. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo na wanunuzi wakasitasita, wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Uwanja wa watu wasio na fedha mfukoni haulishi wachezaji, na kikundi chenye mkataba wa harusi kina afadhali. Lakini kikundi kinachoishi kwa kukodiwa miaka mitano mfululizo hakijui tena kama kinapendwa.

Simu nazo zimeleta namna nyingine ya uwanja. Video ya ngoma kwenye YouTube huhesabiwa watazamaji, na kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusema kanuni ya waasisi imerudi kwa teknolojia mpya. Kwa kiasi fulani ni kweli. Tofauti iko kwenye mapato. Uwanjani ushindi ni wa kikundi kizima. Huku fedha huingia kwa aliyefungua akaunti, ambaye pengine ni mpiga picha wa mjini aliyefika siku moja na kamera yake. Kikundi chenye katiba iliyosajiliwa BASATA kinaweza kuandika humo akaunti ni ya nani, jina linabaki kwa nani manju akifariki, na wanaojitenga wanaondoka na ngoma zipi. Kisichokuwa na katiba, siku manju wake anapozikwa, mwenye akaunti anaendelea kulipwa kwa video zile zile.