Objekti za Tovuti na Data Inayotumiwa kwa Pamoja

Katika mtindo wa kuandika programu kwa objekti, ulioanzia Norwei miaka ya 1960 pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula, data na kazi zinazoihusu data hiyo hufungwa pamoja ndani ya objekti moja, ambayo hutarajiwa kutunza mambo yake yenyewe. Ugumu huanza pale objekti mbili zinapohitaji data ileile. Katika tovuti ya duka la vitabu, kwa mfano, objekti ya kikapu na objekti ya malipo zote hutegemea muunganisho mmoja wa hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za duka.

Wanaoanza hukimbilia kibadilika cha jumla, yaani jina lenye thamani inayoweza kusomwa na kubadilishwa kutoka popote katika programu. Lakini thamani hiyo ikiharibika, kila mstari unaweza kuwa ndio chanzo, na kumtafuta mkosaji huwa kazi ya kuchosha mno. Ni bora zaidi objekti ikabidhiwe inachohitaji wakati inapoundwa, njia ambayo Martin Fowler aliifafanua katika makala yake ya mwaka 2004, kwa kuwa msomaji wa programu huona waziwazi objekti ipi inategemea nini.

Hata hivyo, ni muhimu kujua kama kinachokabidhiwa ni kitu chenyewe au ni nakala yake. Katika toleo la 4 la PHP, lugha inayotumika sana kutengenezea tovuti, objekti iliyopitishwa kwa kazi nyingine ilinakiliwa, isipokuwa mwandishi alipoweka alama maalumu ya kuzuia hilo. Hivyo kitabu kilichoongezwa kwenye nakala ya kikapu hakikuonekana katika kikapu cha asili, wala programu haikutoa onyo lolote. Toleo la 5, lililotoka Julai 2004, liliondoa tatizo hilo kwa kupitisha kitambulisho cha objekti ileile.

Tovuti ina mpaka wake pia: katika PHP ya kawaida, objekti zote hufutika seva inapomaliza kujibu ombi la kivinjari. Kikapu kinachopaswa kudumu hadi ukurasa unaofuata huhifadhiwa katika sesheni, yaani kumbukumbu ya mteja mmoja inayotunzwa kwenye seva, ilhali muunganisho wa hifadhidata hauwezi kuwekwa humo, bali objekti za ombi linalofuata hukabidhiwa muunganisho upya.